Mzimu wa Langoni

Uriri,
9 Novemba 1997

Kwako kaka yangu Maxwell,

Pokea salamu za nyumbani, zimelowa maji lakini zimetoka moyoni. Hujambo wewe, na vidole vyako vya gitaa havijambo? Sisi tu wazima, ila mimi nina mafua na goti la Mama limeanza tena kuuma kwa sababu ya mvua hii ya El Nino. Matope ya sokoni yanavua watu viatu. Juzi Nyarangi, yule mama wa mitumba, alipoteza kandambili moja mbele ya posho mill ya kusagia unga, akaitupa na ya pili hapo hapo kwa hasira. Kibanda chako bado kimesimama, kinavuja upande wa kitanda, na Baba hataki mtu akiguse wala alale ndani.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea huku, nami nataka ulisikie kwangu kabla wachuuzi wa samaki hawajakufikishia huko Homa Bay, maana wao huongeza chumvi. Nitaanza mwanzo. Usiruke mistari, nakujua.

Siku ulipoacha chuo cha ualimu ukaingia bendi, mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sufuria, nikasikia yote. Baba alisema usikanyage lango lake mpaka yeye mwenyewe akuite kwa mdomo wake. Nawe ukajibu kwamba sawa, utaungoja huo mdomo. Miaka mitatu, Max! Homa Bay si Ulaya. Mama alipokuja kwako mwezi wa nne, ulimpa chai na mandazi ukamwambia bado unangoja. Akarudi akamweleza Baba, naye Baba akasema mdomo ni wake. Haki ya Mungu, nyinyi wawili mlipewa kichwa kimoja kigumu mkagawana. Na unajua mambo yetu yalivyo: neno la baba likitoka kwa hasira, haliondolewi na mjomba wala mchungaji, ni yeye aliyelisema aliondoe, tena mbele ya watu. Kwa hiyo Mama analia jikoni akisingizia moshi, na hii Krismasi itakuwa ya nne bila wewe.

Sasa sikiliza. Mimi niko kwa Mochama, yule Mkisii mwenye ukumbi wa video nyuma ya posho mill. Nyumbani nilisema nauza chai na maandazi pale mlangoni, na kweli nauza. Lakini kazi yangu hasa ni kusimama kando ya televisheni na fimbo nikieleza filamu kwa Kiswahili. Pale wanakaa Wajaluo, Wakuria, Wakisii na Waluhya wawili wa posta, na Kiingereza cha puani hakuna anayekishika, sembuse mvua inapopiga mabati. Kwa hiyo filamu kwao ni kile ninachosema mimi.

Mwezi wa kumi Mochama alipata sanduku zima la kanda kutoka kwa mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akifundisha hesabu upande wa Homa Bay, akawa anarudi kwao. Zote za kutisha! Yule mwalimu alimweleza kwamba kwao, mwezi wa kumi unapoisha, watu huketi wakatazama mizimu na mashetani kwa raha zao, na watoto huvaa sura za maiti wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Mochama akaona hiyo ni biashara. Akaandika kwa chaki ubaoni: WIKI YA MIZIMU, SAA NANE MCHANA, WENYE PRESHA WABAKI NYUMBANI.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Na kanisani nako kukawaka moto. Priscilla, mwenyekiti wa akina mama, alisimama akasema Mochama anaita mapepo kwa jenereta. Ikaamuliwa mzee mmoja wa kanisa aende akatazame, alete ripoti, kisha wampelekee chifu. Ati ni nani aliyechaguliwa? Baba yako.

Alikuja Jumatatu na kofia, Biblia na mwavuli, akaketi benchi la mbele kabisa. Aliponiona na fimbo yangu alinitazama kwa muda mrefu, nami nikatazama kikombe. Siku hiyo ilikuwa filamu ya mwanasesere anayetembea na kisu. Bure kabisa, Max. Watu wazima wanamkimbia mdoli usiofika gotini! Nyarangi aliuliza kwa sauti kama hao watu hawana choo cha shimo wamtumbukize. Baba akatoka akisema ripoti haiwezi kuandikwa kwa filamu moja.

Jumanne akarudi. Ilikuwa ya jitu lililovaa barakoa linalofukuza wasichana msituni. Wasichana wanakimbia mbio, lenyewe linatembea polepole kama mtu anayetoka kunywa uji, na bado linawafikia, kwa kuwa kila msichana lazima aanguke. Ukumbi mzima ulikuwa unawafundisha kukimbia. Jumatano ilikuwa ya nyumba ambayo kuta zake zinaongea. Hiyo ilitutisha kweli, Ryoba wa jenereta alikuja kusimama karibu nami akidai anaangalia waya. Ila Baba alikasirika sana. Alisema ukuta ukimwambia mtu ahame, anahama, na kufikia saa sita mchana awe ameshang'oa mabati yote, sasa hao wanashuka chini gizani na tochi kutafuta nini? Alhamisi alikuja na mto wa kukalia.

Kufikia hapo Baba alikuwa ndiye jaji. Filamu ikiisha watu hawaondoki, wanangoja aseme. Naye alikuwa na kipimo chake kimoja tu: huyo marehemu ana kesi gani? Alisema mzimu wa kweli hausumbui watu ovyo, una madai. Labda alizikwa mahali pabaya, labda alifukuzwa kwao, labda kuna neno aliambiwa halijaondolewa. Mzimu wenye madai, hiyo ni filamu nzuri. Mzimu unaoua tu bila kueleza shida yake, huyo ni mhuni, hata chifu angemfunga. Yule mnyonya damu wa Alhamisi alimpa alama ya chini sana kwa sababu hata ukoo wake haukutajwa.

Nami nikiwa kando ya televisheni, neno moja lilinibaki kichwani: neno aliambiwa halijaondolewa. Sikulala vizuri.

Ijumaa, siku ya mwisho, mvua ilishuka tangu asubuhi. Magunia ya madirishani yalikuwa yanatiririka, na kwenye mabati ilikuwa kelele tupu, sauti ya filamu hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi niliyeibandikia televisheni sikio. Ukumbi ulijaa, hata Priscilla alikuwepo, amejifunika leso ati asijulikane. Filamu ikaanza: nyumba kubwa, baba mwenye mvi, mama, mabinti wawili. Nje mvua inanyesha. Na langoni amesimama kijana mwenye koti refu, hasemi kitu, anatazama tu dirisha.

Watu wakaniuliza huyo ni nani. Nikafungua mdomo, na Max, sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema huyo ni mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Nilisema alikorofishana na baba yake kwa sababu ya kazi aliyoichagua, baba akamwambia asikanyage lango mpaka aitwe kwa mdomo wake, naye akafia kazini, mbali, akazikwa na watu wasiomjua. Sasa kila mvua ikinyesha anakuja. Haingii kwa sababu hajaitwa. Mtoto mtiifu.

Kila yule baba wa filamu alipoenda dirishani na kufunga pazia, watu walipiga kelele wakimwita mkatili. Mama wa filamu akilia, nikasema anasingizia moshi. Nyarangi akaanza kulia kweli, na Mkuria mmoja mchunga ng'ombe akasema kesi hii ni nyepesi, amwite tu, kuna shida gani? Wote wakageuka kumtazama jaji wao.

Baba alikuwa ameshasimama. Kofia ameivua. Max, niliogopa kuliko filamu zote za wiki hiyo, nikataka kuacha lakini nilikuwa nimeshafika mbali. Akanyoosha mkono kuelekea televisheni, akasema kwa nguvu kushinda ile mvua, kwa Kijaluo chetu: Donji dala, wuoda. Ingia nyumbani, mwanangu. Akaendelea kwamba yale maneno ni yeye aliyeyasema, na ni yeye anayeyaondoa, na watu wote waliopo ni mashahidi. Priscilla akaitikia amina kwa sauti mpaka leso ikamwanguka.

Na sasa naomba usicheke, maana ninakuungamia. Filamu ile haikuwa hivyo hata kidogo. Yule kijana hakuwa mtoto wa mtu yeyote pale. Alikuwa mwuaji aliyetoroka jela, na chini ya lile koti alikuwa na shoka.

Baba aliposema ingia, akaingia! Wakati huo huo! Ukumbi wote ukapiga makofi na vigelegele, naye akatoa shoka akaanza kuvunja mlango. Nikasema mlango umevimba kwa mvua, anausaidia. Mabinti wakapiga mayowe, nikasema ni furaha, hawajamwona kaka yao miaka mingi. Akamkimbiza yule baba kuzunguka meza, nikasema anataka kumkumbatia lakini mzee ana aibu. Damu ilipotokea ukutani nikasema wamemchinjia jogoo, tena mkubwa, huku nikimkonyeza Ryoba mpaka jicho likauma. Ryoba akaelewa, akazima jenereta. Nikatangaza gizani kwamba filamu imekwisha, wamekula, wameishi vizuri. Mwuza dawa wa pale stendi, anayejua Kiingereza kidogo, alinipita mlangoni akanitazama na kutikisa kichwa, lakini alikuwa analia pia.

Nilirudi nyumbani na Baba chini ya mwavuli mmoja. Nilikuwa nawaza kwamba nimemdanganya baba yangu mzazi mbele ya kanisa lake. Tulipofika langoni akasimama, nikajua sasa nimekwisha. Nikamwambia kwamba kuhusu ile filamu kuna jambo. Akanikatiza. Alisema Kiingereza hakijui, lakini shoka analijua.

Akaniambia aliliona shoka mapema, mpini ulikuwa umejitokeza chini ya koti kabla hata sijamaliza kueleza habari za yule mtoto. Na tangu lini marehemu akaja kwao na vifaa? Nikamuuliza basi kwa nini alisimama. Mvua ilikuwa inatupiga miguu. Akasema ana miaka mitatu anayabeba hayo maneno, anakuja hapo langoni jioni ayaseme, anaona aibu kusema na njia tupu. Siku ile alipata mtu wa kumwambia, hata kama ni mwuaji. Ndipo akaangusha mwavuli akaning'ang'ania bega akalia, na sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Babu.

Kwa hiyo mdomo uliokuwa unaungoja umefunguka, kaka. Mashahidi ni soko zima la Uriri, pamoja na mwenyekiti wa akina mama. Jana Baba alipanda juu ya kibanda chako kuziba paa kwa mikono yake, Mama akiwa chini anamshikia ngazi na kumgombeza, wote wawili wamelowa na wanacheka. Amesema gitaa uje nalo, ila Jumapili asubuhi lilale. Nimekukosa sana, Max. Nimechoka kuwa mtoto wa pekee mwenye kaka.

Ripoti yenyewe aliisoma kanisani leo. Alisema filamu za Mochama nyingi ni mbaya, tena mbaya sana, mizimu yake haina adabu, lakini moja ni ya kufaa, na kwamba kazi ya ukaguzi bado inaendelea. Priscilla amejitolea kumsaidia.

Wasalimie wenzako wote wa bendi, hasa yule wa ngoma aliyempa Mama lifti. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakohoa usiku. Ryoba pia anakusalimu, habari zake nitakupa ukija, si za kuandika. Kuku mmoja amefungwa mguu tangu Ijumaa, na Mama anasema hamfungui mpaka akuone, kwa hiyo mwonee huruma hata yeye.

Ukifika langoni, tafadhali usisimame. Baba huketi barazani tangu saa kumi akitazama njia, na kila kijana mwenye koti akipita anainuka. Pita moja kwa moja, gitaa mgongoni, na mikono mitupu ionekane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dorine