Bomba Nililosahau Kulichomoa

Mama mpendwa,

Goti linaendeleaje? Na mvua huko Mwingi imefika, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima, kazi ya kusafisha mapaa inanilisha, na namshukuru Mungu. Ninaandika kwa sababu jambo hili ningelisema kwa simu ningelifupisha, na sitaki kulifupisha.

Huku Kiamunyi maji ya visima huharibu meno ya watoto yakawa kahawia, kwa hiyo wengi hunywa ya mvua, yanayotoka kwenye paa hadi tangini. Ndiyo maana kabla ya kunyunyiza dawa ya kuua kuvu, kitu cha kwanza ni kuchomoa bomba linaloshusha maji tangini. Hata mlevi anajua hilo. Wiki jana, kwa mwalimu mmoja mstaafu anayelea wajukuu wawili, nilisahau.

Haraka ndiyo iliyoniponza. Mwalimu alinipa nyumba kubwa, lakini nyumba zake nyingine za kupangisha alitaka kulinganisha bei, akamwita pia Njoroge, mkongwe wa kazi hii hapa. Yeye husugua kwa brashi na sabuni, polepole. Mimi nina mashine ya kusukuma maji, na nimekuwa nikimcheka mbele ya wateja kwamba anapigia paa mswaki. Nilitaka anikute nimemaliza.

Alifika, akatazama tangi, akapanda ngazi hadi nilipo, akasema kwa sauti ya chini, "Boss, hiyo paipu ya tanki hujatoa."

Mama, nilizima mashine papo hapo. Tangi zima lilikuwa limeingia dawa na uchafu, na mwalimu yuko jikoni hajui. Nilimsihi Njoroge tuchomoe bomba kimya kimya, nitafute namna baadaye. Akakataa.

"Enda umwambie mwenyewe. Ukimwambia wewe, ni makosa. Nikimwambia mimi, ni vita."

Nikashuka, nikamwambia. Mwalimu akamgeukia Njoroge, aliyekuwa ameshuka nyuma yangu, akamuuliza kama kosa lingekuwa lake angesema. Nilitegemea ajisifu.

"Mimi nilisahau hivyo hivyo kwa nyumba ingine, nikanyamaza, mwalimu. Wakakunywa. Mtoto wao akaumwa na tumbo wiki mzima. Mpaka leo hiyo nyumba napitia barabara ya nyuma."

Mwalimu hakunifukuza. Tulimwaga maji yote, na kwa kuwa Njoroge ni mwembamba, aliingia tangini mwenyewe akalisugua kwa ile brashi yake. Jioni alirudi na wasafishaji wengine wawili ambao sijawahi hata kuwasalimia, kila mmoja amebeba mitungi ya maji ya mvua kutoka kwake. Niliipokea mitungi mmoja mmoja, nikaipeleka jikoni kwa mwalimu. Nyumba za kupangisha alipewa Njoroge, na mimi ndiye ninayemshikia ngazi. Sina kinyongo hata kidogo.

Msalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, mjomba fundi cherehani, na jirani anayekuchotea maji, mwambie sijamsahau.

Najua kila Jumapili unaniombea niwashinde wenzangu wa kazi. Asante Mama, lakini ombi hilo sasa liache. Muombee Njoroge apate nguvu ya kubisha mlango wa ile nyumba anayoikwepa. Amesema ni Jumamosi hii, na nimemwambia tutaenda wote.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Mutua