Kidevu cha Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepasua maputo manne. La tano limepona! Limepakwa povu, limepitishiwa wembe, na bado zima. Nimerukaruka jikoni peke yangu — mtu mzima, miaka arobaini na mbili, mpamba keki mwenye wateja wake!

Niandike ilivyoanza. Baba ana ndevu, wiki ya tatu sasa. Baba! Fundi saa aliyenyoa kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa, kwa wembe wake ule mzito wa chuma, ule unaozungusha mpini ili ufunguke, utie wembe mpya ndani. Mikono imeanza kutetemeka. Mtu aliyeshika skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta kwa miaka arobaini, leo kikombe cha chai kinamcheza mkononi. Alijikata mara tatu, akaacha kunyoa. Akaacha na kutoka nje. Nikamletea kinyozi nyumbani, akamfukuza mlangoni: eti yeye bado hajawa maiti wa kutengenezwa na watu.

Jana nikamuuliza, vipi nikimnyoa mimi? Akacheka kwanza. Kisha akanipa wembe wake, akasema nijifunze, nisimwambie mtu, halafu atafikiria.

Atafikiria! Mimi nimeshanunua maputo kumi ya kujifunzia.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu amekubali kunyolewa. Nimemhonga keki nzima ya limau. (Nisimwambie mtu, alisema Baba. Lakini mume si mtu, ni mume.)

Povu — hapo nilijiona malkia. Brashi, sabuni, maji kidogo, zungusha, zungusha. Likasimama kama krimu ya keki ya harusi. Karibu nimpambe na waridi mashavuni. Kisha wembe. Jamani, ulivyoteleza! Shavu la kulia, la kushoto, kidevu, shingo. Hakuna hata tone la damu. Nikaimba!

Mume wangu akanawa, akajipapasa. Akaniuliza taratibu kabisa mbona ndevu zake zote bado zipo.

Nikafungua kile chuma. Ndani mtupu: wembe niliutoa kuuosha baada ya maputo, nikasahau kuurudisha. Dakika ishirini nimemnyoa mwanamume bila wembe!

Amecheka mpaka kiti kimemtupa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo wembe nimeutia. Nimehakikisha mara tatu.

Damu sehemu tano. Sitaki kuandika zaidi. Ameenda kazini na vipande vya karatasi kidevuni, na wenzake wamemuuliza anafuga paka wa aina gani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Baba kuungama. Niliposimulia ya chuma kitupu, alicheka hadi akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Tangu lini sijamsikia akicheka hivyo? Ningejua, ningemnyoa mtu bila wembe zamani.

Kisha akawa fundi. Akanitaka nimwoneshe ninavyoshika. Nikashika. Akatikisa kichwa: mkono wa keki huo! Ni kweli. Krimu unaikandamiza ili ilale. Ngozi ukiikandamiza inakulipa kwa damu. "Chuma kina uzito wake, mama," akasema. "Wewe kiongoze tu njia." Amenishikisha mwisho wa mpini kwa vidole viwili, nusu saa nzima nikinyoa hewa.

Halafu akauchukua mkono wangu akauweka shavuni pake. Nisikilize ndevu zinaota kuelekea wapi. Mashavuni zinashuka. Kooni zinapanda. Chini ya taya la kushoto zinajizungusha kama maji kwenye sinki. Sijamgusa Baba uso tangu nikiwa mdogo wa kubebwa. Mkono wake juu ya wangu ulikuwa unatetemeka, na nilijifanya sioni, naye akajifanya hajui kwamba nimeona.

Nimechora uso wake nyuma ya daftari hili, na mishale. Unafanana na ramani ya mabomba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita maktaba kumrudishia Baba vitabu. Mama wa Maktaba akaviangalia, akasema kimoja hakipo, kimechelewa wiki mbili. Kisha, bila kuniangalia, akauliza kwa nini mzee siku hizi haji mwenyewe. Nikasema mafua. Akasema mafua gani ya mwezi mzima.

Baba nilipomwambia, alisema kitabu hakioni. Kiko chini ya mto wake! Nimekiona kwa macho yangu haya mawili.

Jumatano, 12 Machi

SIFURI! Hakuna tone! Mume wangu shavu kama la mtoto, na wembe ulikuwamo! Amejipapasa siku nzima. Bosi wake amemuuliza kinyozi wake ni nani.

Nikampigia Baba simu. Akasema Jumamosi. Nikauliza kwa nini Jumamosi na si kesho. Akakohoa. Eti Mama wa Maktaba amepiga simu, atapita mwenyewe saa kumi kuchukua kile kitabu. Na je, shati la bluu nimeshalipiga pasi?

Shati la bluu!

Mimi nilidhani anaona haya mbele ya dunia nzima. Kumbe dunia yenyewe ni mtu mmoja!

Nilikata simu nikacheka, kisha nikakaa chini, maana Mama alilipenda shati lile. Miaka sita sasa tangu atutoke. Moyo ulinichoma, sikatai. Kisha nikakumbuka alivyocheka Jumamosi, nikasimama nikalitafutia pasi.

Masharti yake: saa tisa na nusu niwe nimemaliza, vyombo vimefichwa, nami nimeondoka. Yule mama asijue kamwe kwamba ananyolewa. Mikono ataificha chini ya meza.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni kwa Baba, maji yanachemka, mkono wangu una povu, daftari limeshalowa.

Tulianza saa nane na nusu. Taulo la moto, povu, shavu la kushoto kwanza. Nilishusha pumzi, nikakiachia chuma uzito wake. Kriii, kriii — mlio ule! Hata pale ndevu zinapojizungusha, salama. Baba amefumba macho, mikono ameikalia. Nusu ya uso inang'aa, nusu bado kichaka. Nikajiambia, nimeweza!

Hodi.

Saa nane na dakika hamsini! Mama wa Maktaba, zaidi ya saa nzima kabla. Sauti yake mlangoni: eti basi limewahi. Basi gani linawahi!

Nikashika beseni nikimbie nalo. Nikamnong'oneza Baba nimwambie yule mama arudi baadaye? Aliangalia wembe, akaangalia mlango. Kisha akaitoa mikono chini yake, yote miwili, akaiweka magotini, ikitetemeka vile vile mbele yangu.

"Mfungulie," akasema.

Nusu uso, Baba!

"Mfungulie, mama. Na kiti umpe."

Nikafungua. Yule mama akasimama, akaona povu, akaona mikono. Hakusema pole. Akauliza huyu ananyolewa upande mmoja tu, au ndiyo mtindo mpya?

Nimekimbilia huku, nasema naongeza maji. Nawasikia kupitia ukutani. Baba anamsimulia! Anamsimulia mkwe wake alivyonyolewa kwa chuma kitupu, na anaongeza chumvi, eti mimi nilikuwa naimba wimbo wa harusi. Yule mama anacheka mpaka anakohoa.

Povu la upande wa kulia litakuwa limekauka sasa. Itabidi lipakwe upya.

Baba anaita. Nilete maji, anasema, na brashi nimpe mgeni.