Sufuria Lililokaguliwa Mara Mbili

Kwako Kaka, mtunza stoo na mfalme wa mabuti yote kambini,

Pokea salamu zangu, za moto kuliko pasi ya gwaride. Natumaini u mzima na lile jino limeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri, maana askari gani anayumbishwa na upepo. Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Kila nikiandika mstari nainuka, nachungulia dirishani, narudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kazi kwenye nyumba ya nyaraka naiweza. Najua ulicheka uliposikia kwamba mimi, niliyeikimbia shule, sasa nalala na kuamka na makaratasi. Cheka tu. Namletea maboksi Daktari wa historia, yule mama asiyemchoma mtu sindano, na bila mimi angekohoa vumbi peke yake. Anasoma orodha za stoo za ngome za zamani, miaka mia tatu na ushee: mapipa ya baruti, mablanketi, biskuti ngumu. Nilimuuliza anafaidi nini kusoma vikorokoro vya marehemu. Akanijibu kwamba majenerali waliandika ushindi wao, lakini mtunza stoo ndiye aliyeandika askari alikula nini na alilalia nini.

Juzi akanionyesha orodha mbili za ngome jirani. Zote zina sufuria la shaba lenye sikio moja, limepasuka mdomoni, limezibwa kwa bati. Mkaguzi alilikuta ngome ya kwanza, na kesho yake akalikuta ngome ya pili. Daktari akaniuliza naonaje, huku anatabasamu.

Unanijua, Kaka. Nikavimba kifua, nikamweleza kwamba mkaguzi alipokuwa amelala, sufuria lilimtangulia kwa njia ya uani. Mtunza stoo aliyepungukiwa aliazima kwa mwenzake, basi. Akatikisa kichwa kukubali, kumbe alishajua. Hapo ningefunga mdomo. Lakini nilitaka naye anione mtu, nikasema kaka yangu hufanya vivyo hivyo na mahema mpaka leo. Yote mengine alikuwa nayo. Nilichoongeza mimi ni wewe tu.

Jana alialikwa kuzungumza na maofisa wa jeshi, nami nikambebea boksi la picha. Aliposimulia sufuria, ukumbi mzima ukacheka. Ndipo, kwa kunogesha maneno, akasema kuna kijana mwenye kaka jeshini amemwambia mchezo huo bado upo, siku hizi ni wa mahema. Hakutaja jina, wala hakuwa na nia mbaya. Ila kijana mwenyewe nilikuwa nimesimama palepale, nakenua meno.

Baadaye ofisa mmoja mwenye masharubu, mmoja wa wakaguzi wenu, akanishika bega kwa upole na kuniuliza kaka yangu ni nani. Nikamwambia sina kaka. Nisamehe, nimekukana mchana kweupe. Nilipokuwa natoka na boksi nikamsikia akimwambia mwenzake, "Safari hii kambi zote za jirani tunazikagua asubuhi moja."

Umeelewa, Kaka? Mahema ya kuazima hayatakufaa tena. Hukuiba kitu. Uliniambia mwenyewe ulipokuja likizo kwamba paa lilivuja, mahema yakaoza, ukaogopa kumwambia mkubwa wako. Nenda kamwambie leo, kabla hawajafika. Andika kwamba yameoza. Mpeleke chini ya hilo paa aone tundu kwa macho yake.

Nilimuuliza Daktari yule mtunza stoo wa sufuria aliishia wapi. Akasema hakuna ajuaye. Orodha iliyofuata ina mwandiko wa mtu mwingine. Tangu aniambie hivyo sijakaa kitako.

Kwa kuwa simu zenu zinabaki getini, barua hii nampa dereva wa lori la mikate, nayo itakufikia kabla ya chai. Mama sijamwambia, na kwangu mimi hilo ni jambo la kupigiwa makofi. Wasalimie wenzako, hasa yule jirani yako wa mahema, naye akajiseme kwa mkubwa wake.

Ndimi mdogo wako,
Chiriku, jina ulilonipa mwenyewe, na leo sibishani nalo.