Majina Saba Chini ya Chokaa

Jumamosi jioni, Nachingwea, 1979

Eti nifute majina ya waanzilishi! Ukutani mwa ofisi ya chama chetu cha wapaka rangi tumeandikwa saba, kwa rangi ya mafuta. Mwenyekiti hayumo, alijiunga baadaye. Kesho wageni wa Ruangwa wanakuja kusikia historia ya chama, naye anataka aonekane mwanzilishi.

"Fundi, piga chokaa hapo."

"Sawa, mwenyekiti." Nikaipiga juu ya mafuta, bila kukwangua. Akasifu!

Naogopa atanifukuza. Lakini fundi gani asiyejua kwamba chokaa haishiki juu ya mafuta, ukiigusa inabanduka?

Kiti chake nimekiegemeza ukuta huohuo. Akisimama kuhutubia, majina yetu yatakuwa nyuma yake, na chokaa mgongoni mwake.