Rimu Nilizozichagua Mimi

Temeke, Dar es Salaam

Baba yangu, Mzee Mihambo,

Shikamoo. Mwangaluka kwako, kwa Mama, na kwa wote walioamka salama hapo Ipole. Mgongo unaendeleaje tangu ule mzinga ukuangushe? Mama aliniambia umeacha kupanda miti, lakini alivyolisema neno hilo nikajua bado unapanda. Nakuomba Baba, asali ya mwaka huu waachie vijana warine. Mimi huku mwili ni mzima. Joto limezidi, ila tumelizoea.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu nikitaka kukwambia jambo, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za nyuki. Kwenye karatasi siisikii sauti yako, kwa hiyo labda nitafika mwisho.

Jumapili uliniambia, "Wewe umetulia kazini, si kama mwenzio Maganga aliyetaka kuua watu." Ukaniambia pia kwamba wazazi wa yule binti wa Sikonge aliyemchumbia wamerudi nyuma, hawataki kumwoza mtu mzembe. Nilikuitikia, "Ndiyo Baba." Maganga hakufanya uzembe wowote. Aliyefanya ni mimi.

Unakumbuka mimi ndiye niliyemwita huku. Ni mdogo wa Shija, mume wa dada Nyamizi, kwa hiyo ni shemeji yangu, na niliwaahidi wewe na baba yake kwamba nitamtazama kama ndugu wa tumbo moja. Gereji yetu inashusha magari yakae chini na kuyavisha rimu za kupendeza. Maganga alikuwa upande wa springi na shokapu. Mimi upande wa rimu na tairi, na watu walikuwa wananiita mtaalamu. Jina hilo lilinilevya.

Akaja Bwana Nasoro, mfanyabiashara ambaye kwao ni Tabora mjini, katika zile familia za Kiarabu za zamani. Alikuwa na gari la umeme, jeupe. Gari la namna hiyo betri yake imelazwa chini ya sakafu nzima, kwa hiyo ni zito kuliko linavyoonekana. Alitaka lishushwe na livishwe rimu kubwa, kwa sababu alikuwa anampeleka mama yake nyumbani Tabora kwenye harusi ya mjukuu, na alitaka gari lionekane.

Nikueleze kidogo, Baba, ili kosa lenyewe ulione. Rimu haichaguliwi kwa ukubwa peke yake. Nyuma yake imechongwa namba nyingine, sisi tunaiita ofseti, inayoonyesha gurudumu litaingia ndani kiasi gani au litatokeza nje kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje. Ni kama gurudumu la baiskeli yako likikaa upande, litakwaruza uma mpaka tairi liishe. Gari lile lilitoka kiwandani na rimu za inchi kumi na nane, ofseti arobaini na tano. Mimi nilichagua za inchi ishirini, pana zaidi, ofseti ishirini na tano. Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Zilikaa sawasawa na ukingo wa madigadi, kama zimepigwa uzi.

Maganga alichuchumaa pembeni ya gurudumu na futi yake akapima. Akaniambia kwa Kinyamwezi, polepole ili mteja asisikie, kwamba gari limeshuka na ni zito, likijaa watu madigadi yatakaa juu ya tairi na kulikata. Akasema tuchukue za inchi kumi na tisa, ofseti arobaini, au yeye azirudishe springi juu kidogo. Alinisitiri, Baba. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya Bwana Nasoro na mafundi wote:

"Shemeji, hii si baiskeli ya kubebea tumbaku. Rimu niachie mimi."

Watu wakacheka. Yeye akakunja futi yake, akarudi kwenye kazi yake.

Kuna kibaya zaidi ya hapo. Tulipolijaribu barabarani, mimi nikiendesha na Maganga amekaa nyuma, kwenye tuta moja nilisikia kimlio, kama kucha inayokwaruza turubai. Nilijua ni nini. Niliporudi nilikata plastiki ya ndani ya madigadi ili kimlio kisisikike, nikayaacha mambo hivyo. Bwana Nasoro aliniuliza kama gari litafika Tabora likiwa na watu watano na mizigo. Nikamwambia litafika bila wasiwasi wowote.

Akaondoka. Alipita Morogoro na Dodoma, akalala Manyoni kuchaji betri, asubuhi akashika barabara ya Itigi. Ni njia ile ile waliyopita babu zake na babu zetu, wake wakitembea na bidhaa, wetu wamezibeba mabegani. Wale walifika kwa miguu. Gari nililolitengeneza mimi halikufika. Kabla ya Tura kuna mahali barabara imebonyea. Gari lilizama na uzito wake, ukingo wa madigadi ukalichana tairi la nyuma, likapasuka. Gari likateleza mpaka vichakani. Mungu alisaidia halikupinduka. Lakini mama yake Bwana Nasoro, Bi. Zuwena, mtu mzima wa umri wa Bibi, alivunjika mkono. Watu wa Tura ndio waliomtoa, wakamfunga mkono kwa kanga na kukaa naye mpaka ndugu zake walipofika kutoka mjini.

Habari zilipotufikia, bosi alituita sisi wawili. Akauliza imekuwaje. Nikasema, "Labda springi zimelala kupita kiasi."

Nilisema hayo tu. Jina la mtu sikulitaja, lakini kila mtu alijua springi ni kazi ya nani. Maganga alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Mimi ndiye niliyemwombea kazi, mimi ni shemeji yake, angeanzaje kunibishia mbele ya watu? Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Nami nikambebea begi mpaka stesheni. Ndiyo, Baba, nilimbebea begi, tukanunua maji, nikamwambia ajikaze ni mitihani ya dunia. Aliniambia akifika nyumbani atasema kazi iliisha. Hakujua kwamba maneno yameshamtangulia Tabora.

Uliponisifu Jumapili ndipo nilipoona nimefika wapi. Jumatatu nilikwenda kwa bosi nikamweleza yote, pamoja na ile plastiki niliyoikata. Hakunifokea. Alisema ni afadhali ningekuwa sijui kazi. Ameniondoa kwenye kuchagua rimu. Sasa nafungua tairi na kuziba pancha kama nilipoanza.

Gari la Bwana Nasoro lilikuwa limerudishwa gereji kwa lori. Niliomba nilirekebishe mwenyewe, mtu mwingine akinikagua. Nimelivisha rimu za inchi kumi na tisa, ofseti arobaini, tairi za kubeba uzito ule, na springi zimepandishwa kidogo. Ni vile vile alivyosema Maganga. Tulipakia mifuko ya mchanga badala ya watu watano, tukapita matuta yote ya mtaa. Halikugusa popote. Bwana Nasoro alisimama mbali akiangalia, akachukua ufunguo kwa bosi. Mimi hakunisemesha, na sikutegemea.

Kabla ya hapo, kupitia kwa bosi, alikuwa amenipa ruhusa nimpigie mama yake. Nilimwomba radhi Bi. Zuwena nikiwa nimesimama, ingawa hanioni. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema:

"Mwanangu, mimi mkono umeunga. Huyo mwenzako mliyemfukuza, yeye ameunga?"

Nikampigia Maganga. Nikamweleza yote niliyomwambia bosi. Kisha akasema, "Kile kimlio nilikisikia na mimi, shemeji. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Bosi yuko tayari kumrudisha kazini, nikamfikishia hilo. Amejibu kwamba atalifikiria akishamaliza mambo yake ya hapo nyumbani. Mambo hayo, Baba, ndiyo niliyoyaharibu mimi.

Sasa naomba unisaidie jambo ambalo sistahili kusaidiwa. Nenda kwa wazazi wa Maganga na barua hii, uisome yote, Maganga mwenyewe akiwepo. Kisha mwende pamoja Sikonge kwa wazazi wa yule binti, muisome tena. Usilainishe mahali popote. Pale nilipomcheka pasome kama nilivyopaandika. Ukiona aibu kupasoma, mpe dada Nyamizi asome, yeye ana haki ya kunikasirikia kuliko wote. Usiniombee msamaha. Nikipata likizo nitakuja mwenyewe kupiga magoti.

Msalimu Mama, na usimfiche hata mstari mmoja. Msalimu Bibi Kalunde aliyenilea, mwambie naikumbuka fimbo yake na kwamba ilipaswa iendelee. Msalimu shemeji Shija. Kama hatazipokea salamu zangu, mwache. Msalimu Mjomba anayefundisha watoto madrasa, aniombee dua kama ataona inafaa.

Barua hii nimempa konda wa basi la Tabora, mtu wa Sikonge tunayefahamiana, ataifikisha mkononi mwako. Hapa chini nimeandika jina langu lote, ili atakayesomewa asidhani ni Hamisi mwingine. Naomba radhi, Baba, kwa kuwa nusu ya jina hilo ni lako.

Mwanao,

Hamisi Mihambo