Nafasi Moja kwenye Fomu

Jumatatu, 8 Februari 1982

Vipindi sita. Kidato cha Tatu wamefanya jaribio la milinganyo, kumi na mmoja wamefeli. Ukungu hadi saa nne, Mlima Oldeani haukuonekana. Madaftari hayajaletwa. Wanaandikia karatasi za kufungia.

Mchana Mkuu wa Shule alinipa bahasha kutoka wizarani. Fomu ya ufadhili, shahada ya pili, Uingereza. Kwa walimu waliotimiza miaka mitatu kazini. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu una mstari mmoja tu: *Shahada unayoomba*. Chini yake, kwa herufi kubwa: MOJA TU.

Orodha imebanwa nyuma kwa pini. Uongozi wa Elimu, mwaka mmoja. Ufundishaji wa Hisabati, mwaka mmoja. Elimu ya Viziwi, miaka miwili. Hiyo ya tatu nimeirudia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ifike Dar es Salaam kabla ya tarehe 20 Aprili.

Jumamosi, 13 Februari

Endamarariek kwa mama, kwa miguu, lori halikupita. Mwanangu Vero alinikimbilia hadi kwenye mkuyu. Amekuwa mrefu. Juni atatimiza miaka sita.

Alikuwa na habari nyingi za kunipa, mikono haikutulia. Ng'ombe nilielewa. Mvua nilielewa. Kilichofuata sikukielewa hata kidogo. Bibi yake ndiye aliyenitafsiria: ndama alitumbukia kwenye mfereji, wakamtoa kwa kamba. Mama yangu hajui kusoma. Lakini ishara zote za mtoto huyu amezitunga yeye, moja baada ya nyingine, kuanzia ile homa ya uti wa mgongo. Mimi wakati ule nilikuwa chuo kikuu, Mlimani. Niliporudi homa ilikuwa imekwisha, na masikio pia.

Kwa hiyo mtoto wangu huzungumza na mama yangu. Mimi ni mgeni wa Jumamosi.

Jirani mmoja alipita akasema, "Bubu wenu anakua." Si bubu. Anacheka kwa sauti hadi kuku wanakimbia.

Jumanne, 23 Februari

Barua ya Baba Vero. Yuko Botswana mwaka wa pili sasa, anafundisha chuo cha ualimu. Mkataba wake umeongezwa. Nilimwandikia habari za fomu siku ileile ilipofika, naye amejibu bila kukawia, jambo ambalo si kawaida yake.

Ameshaniamulia. Nichukue Uongozi wa Elimu. Amezungumza na mkuu wa chuo chake. Mke mwenye shahada hiyo atapata kazi palepale, nyumba ya matofali, umeme. Mwaka mmoja Uingereza, halafu nipande ndege moja kwa moja hadi kwake. Amepanga vizuri. Daima hupanga vizuri.

Mwishoni kabisa, chini ya salamu: "Vero abaki kwa bibi kwanza. Shule za huku hazina nafasi kwa watoto wa namna yake."

Watoto wa namna yake.

Jumapili, 28 Februari

Misa. Sikusikia mahubiri.

Nataka kwenda Botswana. Naliandika hapa kwa sababu sitalisema popote. Nimechoka kufundisha Kidato cha Nne kwa kitabu kimoja. Nimechoka kupanga foleni ya sabuni. Ninamtaka mume wangu. Nataka kuwa mkuu wa chuo siku moja, na najua ninaweza.

Ningeweza kumwacha Vero. Hata hilo ninalijua. Tayari nimemwacha siku sita katika kila wiki.

Alhamisi, 4 Machi

Jibu kutoka shule ya viziwi. Niliwaandikia Novemba. Wanasikitika. Walimu waliosomea kazi hii ni wawili tu, watoto wanaosubiri ni wengi kuliko waliomo darasani. Niandike tena Vero akifikisha miaka tisa.

Miaka tisa. Mtoto asiye na lugha hadi miaka tisa atajifunzia nini?

Jumatano, 10 Machi

Mkuu wa Shule aliniita. Mpare, mtu mzima, mwenye haki, hapendi maneno mengi. Anataka kujua nitajaza nini, maana bila sahihi yake fomu haiendi.

Nikasema sijaamua. Nikaitaja ya viziwi, kwa kujaribu tu.

Alivua miwani. "Mwalimu, hapa hesabu unafundisha wewe peke yako. Ukisomea uongozi, nitasema nimempoteza mwalimu lakini nchi imepata mkuu wa shule. Ukisomea viziwi nitasema nini?"

Nilirudi darasani nikafundisha pembetatu vibaya.

Ijumaa, 19 Machi

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Nasieku wa darasa langu ametoka kuugua malaria, hana nguvu. Mkuu aliagiza nimfikishe kwao Ngorongoro kwa lori la shule. Tuliondoka alfajiri. Kwenye lango la hifadhi baridi kali, ukingoni mwa kreta ukungu, dereva aliwasha taa hadi saa tatu. Tukateremka upande wa pili kwenye jua, na boma lao likaonekana.

Kabla lori halijasimama vizuri, mwanamume mmoja alitoka mbio zizini. Mtu wa makamo, lubega nyekundu, rungu mkononi. Nikadhani kuna hatari. Hakututazama. Alikanyaga gurudumu, akapanda, akafunua turubai nyuma. Akaangalia kila pembe. Akainua gunia la nguo za Nasieku akaangalia chini yake. Halafu akashuka, akarudi kwa ng'ombe. Polepole sasa.

Hakuna aliyeshangaa. Watoto waliendelea kucheza.

Nasieku alitazama chini. "Ni baba yangu mdogo, Mwalimu. Hasikii. Alizaliwa hivyo."

"Anatafuta nini?"

"Bibi."

Akanieleza tukiwa tumekaa na maziwa. Bibi yao, mama wa huyo baba mdogo, aliugua miaka mitano iliyopita. Siku hiyo baba mdogo alikuwa mbali na mifugo, malishoni. Gari likambeba bibi kwenda hospitali. Akafia huko, akazikwa hukohuko. Baba mdogo aliporudi alikuta kitanda kitupu na alama za magurudumu. Tangu siku hiyo, kila gari linalofika, analipekua.

"Hamkumwambia?"

"Tulimwambia, Mwalimu. Tulimwonyesha kama ng'ombe anavyokufa, akalala chini, akafumba macho, hivi. Alielewa. Lakini ng'ombe aliyekufa anamwona. Bibi hakumwona. Anafikiri tunamdanganya."

Nilimtazama mchana kutwa. Si mjinga. Kila ng'ombe zizini ana ishara yake, kwa rangi na pembe, na wazee huja kumuuliza kabla ya kuuza. Kila mtu pale bomani anaongea naye kwa mikono, hata watoto wadogo. Wanampenda. Mambo yote yanayoonekana kwa macho anayo. Yasiyoonekana hakuna aliyeweza kumfikishia: jana ya mbali, hospitali ambako hakuwahi kufika, mtu ambaye hatarudi.

Tulipoondoka alisimama kando ya njia akatazama lori likigeuza. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalia. Dereva, Mungu ambariki, aliendesha polepole.

Jumamosi, 20 Machi

Nimejaza. Elimu ya Viziwi. Kwa wino.

Jumatatu, 22 Machi

Nimempa Mkuu wa Shule fomu mkononi. Aliusoma ukurasa wa tatu, akaiweka chini ya kitabu cha mahudhurio. "Nitaifikiria."

Nimemwandikia Baba Vero. Kurasa mbili, nikachana, nikaandika nusu ukurasa. Kwamba sitakwenda kuishi mahali ambapo mwanangu hana nafasi. Kwamba shahada hii pia itanifungulia kazi, huko Botswana au kokote. Viziwi wako kila nchi na walimu wao hawapo. Kwamba nitakuja, lakini tutakuja wawili.

Jumatano, 31 Machi

Fomu bado iko chini ya kitabu. Kona yake inaonekana ninapoweka sahihi ya asubuhi.

Mama nimemwambia juzi. Aliendelea kupepeta maharage. Kisha: "Miaka miwili." Basi. Magoti yanamsumbua, hilo halisemi. Ninamwongezea mzigo ili niende kujifunza kile ambacho yeye amekifanya bila kufundishwa. Nimeona aibu.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua usiku na mchana. Barabara ya Arusha imekatika, magari mawili yamelala Mto wa Mbu. Posta wanasema mfuko wa barua ukiondoka kesho ndio hivyo, mwingine hawajui.

Niliingia ofisini bila kuitwa. Nikamsimulia Mkuu habari za boma la kina Nasieku, za yule mtu na turubai. Nilisimama nikasema yote. Nilipomaliza alikuwa anatazama dirishani.

"Dada yangu alikuwa na mtoto kama huyo," alisema. "Walimfungia ndani wakienda shambani. Asipotee."

Hakusema nini kilimpata. Alichomoa fomu, akaandika kwa muda mrefu, akagonga muhuri. Nilisoma nikielekea posta: "Ninampendekeza kwa moyo wote. Shule hii itapata hasara ambayo siwezi kuificha."

Fomu imeondoka mikononi mwangu.

Jumatano, 26 Mei

Arusha, usaili. Meza ndefu, watu wanne. Mmoja aliniuliza kwa upole kwa nini mtu mwenye alama zangu za hesabu ajitupe kwenye kazi ya huruma. Nilimwambia si huruma, ni ualimu. Akaandika kitu.

Nadhani nimeshindwa. Nimemnunulia Vero kitambaa cha gauni, cha njano.

Hakuna barua kutoka Botswana. Mwezi wa pili sasa.

Jumatatu, 12 Julai

Nimepata. Kuripoti Dar es Salaam tarehe 14 Septemba, ndege siku inayofuata.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa stoo ya vitabu hadi kengele.

Jumamosi, 7 Agosti

Barua ya Baba Vero, hatimaye, pamoja na kifurushi. Mistari minne. Kazi aliyoniombea amepewa mtu mwingine. Hakubaliani nami. Hanikatazi. Ataulizia kama kuna wanaofundisha viziwi kule, ingawa hajasikia.

Kwenye kifurushi viatu vya Vero, vyekundu, vya ngozi. Vidogo. Mguu haukuingia hata nusu. Amevinunua kwa mguu aliouacha. Vero alivishika siku nzima, akavivalisha mikono, akatembea navyo mezani kama mtu. Bibi yake alicheka, mimi nikatoka nje.

Sikasiriki tena. Ninasikitika tu, kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili yangu. Sijui kama nina mume. Nimeandika kumshukuru kwa viatu. Nimeweka ndani uzi, urefu wa unyayo wa Vero.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimemkabidhi mwalimu mpya madarasa yangu. Kijana kutoka Mbulu, amemaliza chuo juzi. Ataweza. Nasieku aliniletea kibuyu cha maziwa. Nilimuuliza habari za baba yake mdogo. Yuko salama. Lori la mahindi lilipita wiki iliyopita, akalipekua.

Jumapili, 12 Septemba

Endamarariek. Lori la kesho litanichukua saa kumi na mbili.

Asubuhi baada ya misa nilijaribu kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilimwonyesha begi, nikajionyesha mwenyewe, nikaonyesha njia. Akaitikia kwa kichwa. Hilo analijua, naondoka kila Jumapili. Nikaweka vidole viwili. Akalaza shavu kiganjani mara mbili: siku mbili. Nikakataa. Nikampeleka shambani, nikamwonyesha mabua makavu, nikafanya kama ninapanda, kama ninavuna, kama ninapanda tena, kama ninavuna tena. Akadhani ninataka tulime. Akaenda kuleta jembe.

Nilikaa chini kwenye tuta. Mwalimu wa hesabu, na mbili imenishinda.

Mama alikuwa anatutazama tangu mwanzo. Alikuja kwa magoti yake yale mabovu, akamshika Vero mkono, akamsimamisha kwenye nguzo ya mlango. Akaweka kiganja utosini mwake, akachora mstari kwa mkaa. Halafu akapandisha kiganja juu zaidi, zaidi ya nusu shibiri, akachora mstari mwingine. Akaugusa huo wa juu. Akanionyesha mimi. Akafanya mtu anayetembea, anatoka mlangoni, anakwenda mbali. Kisha akaugusa tena mstari wa juu, na yule mtu akarudi, akaingia ndani.

Vero alitazama mistari yote miwili. Akanitazama mimi. Uso ulibadilika kidogokidogo, na nikajua habari imefika.

Hakulia. Aliegemeza mgongo kwenye nguzo, akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha shingo hadi ikatetemeka. Hakufikia. Akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa.

Akashusha visigino. Akaingia jikoni, akarudi na bakuli lake la uji ambao alikuwa ameshaumaliza, akampa bibi alijaze tena, macho kwenye mstari wa juu.