Koti la Shamte Linafunguliwa Kitomanga

Anti Fauzia, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema huyu naye wivu umemzidi, maana hata mama yangu mzazi nilipomweleza robo tu alinikatisha akaniambia kanyonyeshe mtoto, na mtoto nilikuwa namnyonyesha hapo hapo huku naongea.

Mimi ni Naima, nakaa Kilwa Kivinje, nina miaka ishirini na minne, mume wangu ni Shamte na tuna mtoto mmoja, Imani, ana miezi minane na meno mawili ambayo nayajua vizuri. Kazi yetu ni samaki wa kukaanga. Mimi nakaanga, Shamte anafunga matenga nyuma ya pikipiki anawapeleka Kitomanga mara tatu kwa wiki, na kwa mzigo ule ni karibu saa tatu kwenda na nyingine kurudi, anatoka hapa alfajiri na akirudi amekaa kama mtu aliyekaushwa juani.

Sasa Anti, wenye pikipiki wa huku wanavaa koti nyuma mbele ili upepo usiwaingie kifuani. Koti la Shamte zipu ilikufa zamani, kwa hiyo nilichana kanga yangu kuukuu nikashonea vikamba kwenye kingo zake, na kila safari mimi ndiye ninayevivuta nyuma na kumfunga fundo hapo juu, kati ya mabega, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Akirudi anasimama mlangoni ananipa mgongo bila kusema neno, namfungua, ndiyo salamu yetu hiyo. Miaka mitatu hakuna mtu mwingine aliyemfungua, na hata siku tulizogombana nilimfungua.

Baada ya Idi akaanza kulalamika mgongo unamuuma hapo juu, si kiuno, ni hapo chini ya shingo, anasema kama mtu amemchomeka kijiti. Haukuwa mwingi. Nikimchua na mafuta ya nazi ya moto kidogo anapata nafuu, anacheza na Imani, analala. Nilikuwa nimechoka kweli, nimeinama kwenye karai la samaki tangu asubuhi na mtoto mgongoni, lakini nilimchua.

Halafu siku moja akarudi, akanipa mgongo kama kawaida, nikaweka mkono kwenye fundo nikakuta si fundo langu. Ni fundo la masikio mawili, kama la kiatu cha mwanafunzi. Na koti linanukia dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kichupa, ambayo humu ndani haijawahi kuingia.

Nikamuuliza, "Nani kakufunga?"

Akasema, "Yustina, yule mwenye chai pale ninaposhushia. Nilivua nipumzike, akanifunga wakati wa kuondoka."

"Na dawa?"

"Dawa pia yake. Mgongo uliuma, Naima, ningefanyaje?"

"Kitomanga nzima haina mwanamume wa kukufunga koti?"

"Wapo," akasema. "Wanagombania samaki."

Akacheka, mimi sikucheka. Kuanzia safari iliyofuata nikaacha fundo la kawaida nikamfunga lile tunalofungia matenga, nililofundishwa na bibi yangu, ambalo mzigo ukitikisika lenyewe linazidi kukaza, na asiyelijua hawezi kulirudishia. Nilitaka nijue. Basi nikajua, maana kila akitoka Kitomanga anarudi na masikio mawili na harufu ya kichupa. Nikazidi kukaza. Naweka goti mgongoni navuta. Yeye anasema, "Mama Imani, leo unanifunga au unanisafirisha?" nami namwambia njia ina upepo.

Na mgongo nao ndiyo ukazidi, kila wiki afadhali ya jana, nami nikajiambia mgongo gani huu unaozidi kila anapokwenda kwa mwanamke, si ni kisingizio cha kuchuliwa tu. Nikaacha kumchua. Nilimwambia nenda kwa aliyekuzoea. Siku hizi analala ubavu mmoja kama mjamzito, mkono wa kulia anaukunjakunja, anasema vidole vinakufa ganzi, na juzi kikombe cha chai kilimponyoka nikamwambia hata vikombe vyetu sasa havikutoshi, labda vya Yustina ndiyo vinakaa mkononi.

Kilichonifanya nikuandikie ni simu ya Jumatatu. Nimeinama naparua samaki, simu inaita, namba siijui.

"Wifi, habari za Kivinje?"

Nikamwambia, "Wifi wa nani?"

"Mimi ni Yustina wa Kitomanga, mwenye chai. Namba nimempora huyu kaka. Nilikuwa nauliza, anayemfunga koti ni nani?"

"Ni mimi mkewe. Ulitaka awe nani?"

"Basi mfunge taratibu, wifi. Leo nimehangaika na hilo fundo mpaka nikataka kuchukua kisu cha vitunguu. Na mgongo umevimba hapo juu."

"Umeuonaje huo mgongo?"

Akasema, "Kwa macho, wifi."

Anti, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala usingizi ukamtosha. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote. Mimi mikono inanuka samaki mpaka kwenye kucha, nywele sijui nimesuka lini, na mtu wa Kitomanga ananipigia kunifundisha kumfunga mume wangu.

Nimeamua Jumamosi hii nimbebe Imani mgongoni nipande pikipiki na Shamte mpaka Kitomanga, nikasimame mbele ya hao wanywaji chai nimwambie Yustina aseme anachokitaka, halafu Shamte achague hapo hapo, ama Kitomanga ama mimi. Nampenda mume wangu, sitaki kumkosa, ndiyo maana nauliza kabla sijaondoka. Niende au nisiende?

Naima, Kilwa Kivinje

*

Marahaba, Naima. Usiende. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, nikarudia tena, na kuna mambo umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako na hukuyaona.

Rudi kwenye barua yako. Baada ya Idi mgongo uliuma kidogo, mafuta ya nazi yakatosha, mtu akacheza na mwanawe. Ukaja ukazidi lini? Ulipoanza fundo la tenga. Unamwekea mume goti mgongoni, unamkaza kwa fundo ambalo barabara ikitikisa linazidi kukaza, halafu anakaa saa tatu amenyoosha mikono mbele na mabega hayana pa kwenda, na fundo lenyewe linamkandamiza palepale panapouma. Yeye ametania kwamba unamsafirisha. Mimi sitanii. Umemfunga mtu kama samaki, na mgongo ulipovimba ukasema ni kisingizio.

Sasa jambo ambalo limenifanya barua yako niiweke mbele ya nyingine zote. Vidole vinakufa ganzi, kikombe kimeponyoka, nawe ukapata neno la kumchoma ukaendelea na habari za simu. Mkono wa kulia, Naima. Ndio mkono wa breki ya mbele. Mkono huo juzi umeangusha kikombe, na lori likisimama ghafla mbele yake utaangusha nini? Na wewe Jumamosi unataka upande nyuma yake na mtoto wa miezi minane mgongoni, mkamsute mwanamke. Ungekuwa karibu yangu ningekushika sikio.

Kwa hiyo Shamte asiende safari yoyote kabla hajaonwa na mganga hospitalini, na aseme habari ya ganzi kwanza, asiseme mgongo tu akapewa vidonge akarudi. Nenda naye, maana wanaume wakifika pale hujisahau wakasema hawajambo. Samaki wa wiki hii wauzeni hapo hapo Kivinje.

Akiruhusiwa kurudi barabarani, pikipiki ipite kwa fundi. Amwinulie usukani kidogo na kuuvuta kwake, mpaka viwiko vipinde vyenyewe bila yeye kuinama. Na uliposema matenga nyuma, nadhani yamemeza nusu ya kiti na yeye amebanwa kwenye tangi, si ndiyo? Basi ni kurefusha keria mzigo urudi nyuma, ama tenga moja lipungue. Mjadiliane lipi, lakini moja lazima. Njiani asishike usukani kama anamnyonga mtu, na kila nusu saa asimame, ashuke, azungushe mabega, anywe maji. Atachelewa. Samaki wa kukaanga hawaozi kwa dakika tano.

Koti lile fumua vikamba vyote leo. Lipeleke kwa fundi cherehani aweke vifungo vikubwa ubavuni, chini ya kwapa, ambavyo mkono wa Shamte mwenyewe unavifikia. Avae peke yake, avue peke yake, Kitomanga, Kivinje na popote. Nakujua, hapo moyo umekushtuka, maana ile salamu ya mlangoni ulikuwa unaipenda. Lakini ulipoanza kukifanya kile kifundo kuwa mlinzi, salamu ilikuwa imeshakufa, mwanangu, na aliyeiua si mwenye chai.

Na sasa huyo mwenye chai. Sitakudanganya kwamba mwanamke mwingine kumchua mumeo mgongo ni jambo dogo. Si dogo, na Shamte alipaswa kuliona bila kuambiwa. Mwambie waziwazi, maneno machache, bila kutaja vikombe: mgongo wako nauchua mimi, na nisipouchua niulize kwa nini. Ukishasema hivyo, uuchue kweli. Lakini Yustina alichukua namba, akakupigia mchana kweupe, akajitaja jina na kazi yake, akakuita wifi, maana yake kwake yeye Shamte ni kaka. Anayemtaka mume wa mtu hampigii mwenye mume kumwambia mfunge taratibu. Yeye aliona uvimbe ambao wewe unalala nao kitanda kimoja na hukuutazama. Mpigie. Mwambie koti limepata vifungo, asante kwa kuniambia, na dawa ya kuchua tumeshapata yetu. Humo kuna shukrani na kuna mpaka, na hakuna tusi.

La mwisho ni lako wewe. Barua nzima inasema mgongo wa Shamte, lakini katikati umepenyeza karai la samaki, mtoto mgongoni, mikono, nywele, usingizi. Mimi nadhani hukumwonea Yustina wivu kwa sababu alimgusa mumeo. Ulimwonea wivu mumeo, kwamba yeye akiumwa kuna wanawake wawili wanagombania mgongo wake, na wewe ukiumwa unaambiwa kanyonyeshe. Una haki, lakini hukumwambia, ulimkaza kamba.

Basi Jumamosi, siku uliyoipanga kwa vita, fanya hivi. Imani apelekwe kwa bibi yake, na mama yako asikukatishe safari hii, mwambie ni agizo langu. Karai liepue motoni, mtu akitaka samaki aje kesho. Pasha mafuta ya nazi, tandika mkeka, na kabla hujaugusa mgongo wa Shamte, lala wewe kifudifudi umwambie aanze na wako, kwa mkono wa kushoto kama wa kulia bado una ganzi. Na ukiwa umelala hivyo, yeye haoni uso wako nawe huoni wake, muulize yote unayotaka kuyajua ya Kitomanga. Usigeuke mpaka amemaliza kujibu.